Mtoto wa Shimo la Muhanga

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado na aibu ya kutosha kupeleka ugomvi wao barazani badala ya kung'atana, aliishi kwenye mbuga ya nyasi fupi mbweha-masikio mmoja aliyeitwa Chibago. Kama hamwajui mbweha hawa, ni wadogo, miguu myeusi, na masikio makubwa kuliko uso unavyohitaji. Hawaibi kuku. Hawagusi mbuzi. Wanasingiziwa tu kwa sababu wamefanana na wezi, na hilo peke yake linatosha kumkasirisha mtu. Chakula chao ni mchwa. Mbweha-masikio huinamisha kichwa, huisikiliza ardhi, na akisikia mchwa wanakata nyasi, kr-kr-kr, huenda pale akawalamba.

Sasa shikeni desturi yao, maana ugomvi wote umetoka hapo. Kwao mama ndiye anayekwenda kutafuta, baba ndiye anayebaki na watoto. Mchwa hawabebeki mdomoni kama paja la swala. Mama huwala hukohuko, shibe ikageuka maziwa, akarudi nayo nyumbani. Baba hulala mlangoni mwa shimo, masikio juu, akimsikilizia tai, akimsikilizia fisi, akimsikilizia kila mwenye nia mbaya. Anayepita njiani huona dume limelala. Majirani walisema sana. "Yule mwanamume gani, mkewe anahangaika juani, yeye amejinyoosha kivulini?" Chibago aliyasikia yote. Kwa masikio yale angeachaje kuyasikia? Akanyamaza, kwa sababu mlinzi anayebishana na wapita njia halindi.

Shimo lenyewe hawakulichimba wao. Lilichimbwa na Muhanga, yule mwenye makucha, alipokuwa akifukua mchwa wake. Aliposhiba akaenda zake, hakugeuka hata kulitazama. Nyemo, mkewe Chibago, akalisafisha, akazalia humo watoto watatu. Baridi ya kipupwe ikawachukua wawili. Akabaki mmoja, wa kike, mdogo, hata macho hajafumbua.

Siku moja ya kipupwe hichohicho, saa za mchana ambazo mchwa hutoka, Chibago akainua kichwa. Upande wa mashariki alisikia kr-kr-kr, nyingi, imeenea.

"Nyemo, unasikia?"

"Nasikia. Lakini ni wengi mno, Chibago."

"Wengi ndio tunaowataka. Maziwa yamepungua, mama. Mtoto jana alinyonya akalala analia. Nenda kabla hawajarudi chini."

Nyemo akasikiliza tena, akaridhika, akatoka mbio.

Hawakuwa mchwa. Ulikuwa moto unakula nyasi. Na wewe unayecheka hapo, acha. Nyasi kavu zikiliwa na moto mbali, na nyasi kavu zikiliwa na mchwa karibu, kwa masikio yale ni mlio uleule. Swala angetazama akauona moshi. Mbweha-masikio hutanguliza masikio, macho yakafuata, ndivyo anavyofundishwa tangu anyonye. Tena upepo ulikuwa ukivuma kwenda huko, harufu haikuja. Ulipogeuka, ulikuja na harufu na moto pamoja.

Chibago alitazama kushoto, moto. Alitazama kulia, moto. Angekuwa peke yake angeuruka, maana miguu alikuwa nayo. Akamsukuma mtoto hadi mwisho wa shimo, naye akaingia kinyumenyume, mgongo kwa mtoto, uso kwa moto. Akakusanya udongo kwa miguu ya mbele kuziba mlango. Udongo haukutosha. Pengo lililobaki akaliziba kwa kichwa chake mwenyewe.

Moto ukapita juu. Haukumpata mtoto. Ulimpata Chibago masikio yote mawili.

Ulipokwisha kupita, akageuka kumtazama mtoto. Mdomo wake ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa analia. Chibago aliona kwamba analia, sauti hakuisikia, na ndipo alipojua. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzaje? Alimlamba mtoto, akasubiri mkewe, akaumia, akasubiri.

Nyemo hakurudi siku ile. Moto ulimkatia njia, ukamfukuza hadi ng'ambo ya korongo, ukamuunguza nyayo. Aliyekuja ni Sechelela, mdogo wake, aliyevuka majivu akimtafuta dada. Sechelela alikuwa amepoteza watoto wake wote kwa baridi, na maziwa yalikuwa bado yanamsumbua kifuani.

"Shemeji, nipishe," alisema.

Neno halikumfikia Chibago, ila aliona anachotaka, akampisha. Mtoto akanyonya, akanyamaza. Siku zikapita, Sechelela akawa ndiye anayeingia na kutoka, Chibago akawa mlangoni kama zamani, amelala, anatazama. Anatazama sana kuliko zamani.

Kisha Nyemo akarudi, anachechemea, nyayo zimechubuka, maziwa yamekauka. Alipomwona mtoto wake kwenye titi la mwingine alishukuru kwanza. Hasira ilikuja baadaye, ilipobidi kuhama. Majivu hayana nyasi, na pasipo nyasi hapana mchwa. Nyemo alitaka kwenda mashariki, ng'ambo ya korongo ambako moto haukufika, kwenye malisho ya pundamilia. Sechelela alitaka kwenda magharibi, kwa mumewe. Chibago alisema hahami, nyasi zitaota, na shimo hili limeshaonyesha linavyofaa. Mtoto ni mmoja.

Wakaenda kwa Kongoni, hakimu wa mbuga. Kongoni husimama juu ya kichuguu akitazama mbuga nzima, ndiyo maana watu wakadhani anaona kila kitu. Muhanga naye akafika, hakuitwa na mtu.

Muhanga ndiye aliyetangulia kusema, kama ilivyo kawaida ya asiyehusika. "Bila shimo langu, hapa tungekuwa tunazungumzia majivu. Nani alichimba? Mimi. Kwa hiyo mtoto ni wangu. Nitamlea, akikua atanisikilizia mchwa walipo, nami nitachimba. Nimezeeka, nachoka kuchimba kwa kubahatisha."

"Ulichimba kwa ajili ya tumbo lako," alisema Sechelela.

"Na nyinyi mliingia kwa ajili ya nani? Mliniomba ruhusa?"

Sechelela akalikwepa hilo. Akaligeukia lake. "Hakimu, shimo halinyonyeshi. Nilimkuta mtoto huyu midomo imekauka. Kila tone lililomo mwilini mwake ni langu. Dada yangu sasa hana maziwa, atakwenda naye mashariki akamnyonyeshe nini? Upepo?"

Nyemo akainua mguu. "Mdogo wangu, nakushukuru, na nitakushukuru hadi nife. Ila mimi nilimbeba tumboni. Nimevuka majivu ya moto kwa nyayo hizi, tazameni, kwa sababu yake. Na maziwa yangu yalikauka njiani nikimtafuta, siyo nikistarehe." Kisha akamgeukia mumewe, na hapa ndipo maneno yalipochafuka. "Huyu asipewe kitu. Yeye ndiye aliyenituma motoni. Alisema nenda, ni mchwa. Mimi nimeungua miguu, Sechelela ametoa maziwa, hata Mzee Muhanga amechimba. Yeye amefanya nini? Amelala mlangoni."

Chibago alikuwa akitazama midomo. Hakupata yote, lakini hilo la mwisho alilipata, kwa kuwa alikuwa amelisikia maisha yake yote na alilijua umbo lake. 

"Nililala mlangoni," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana hakuweza kujipimia. "Ndiyo. Nililala mlangoni wakati mlango unawaka. Nilikosea kuhusu mchwa, sikatai. Lakini Nyemo, nilikuuliza unasikia, ukasema unasikia. Masikio yalikuwa manne siku ile, mbona kosa limekuwa la mawili? Ukirudi umeshiba ni kazi yako. Mtoto akiwa hai, ni bahati. Tai wangapi hawakutua? Fisi wangapi walipita mbali? Hamwezi kunihesabia yasiyotokea, na yasiyotokea ndiyo kazi yangu."

Wote wakamtazama. Hata Muhanga aliacha kujikuna. Chibago akadhani ameeleweka, na moyo wake ukapoa kidogo.

Kongoni akateremka kichuguuni. Akazunguka polepole hadi nyuma ya Chibago, akasimama, akasema, "Chibago, ukipewa mtoto, utamlinda?"

Chibago alikuwa anamtazama mtoto.

Kongoni akauliza tena. Kisha akainua ukwato, akaupiga chini kwa nguvu. Wote waliruka. Mtoto alishtuka akalia. Chibago alibaki amekaa vilevile, anashangaa mtoto analilia nini, mpaka alipoona sura ya Nyemo. Mkewe alikuwa ameziba mdomo. Akageuka, akamkuta Kongoni mgongoni pake, na hakuhitaji kuambiwa alichopimwa.

"Tangu lini?" aliuliza Nyemo.

Hilo alilisoma vizuri. "Tangu mlangoni," alisema.

Kongoni akatamka kwa sauti ya hakimu, polepole, ili midomo yake isomeke. "Nasikitika. Mlinzi asiyesikia si mlinzi. Baba hawezi kupewa."

Mtazameni hakimu huyo. Masikio yameungua kwa kumlinda mtoto, na kwa kuwa yameungua, mwenyewe ananyimwa mtoto. Mimi nimeisimulia habari hii mara nyingi na bado inanichoma. Ila nikitulia najiuliza, tai akija kesho kutoka nyuma, atamwambia nani? Hapo nami nakwama, na sipendi kukwama.

Nyemo alipoona yale, alisogea akaketi karibu na mumewe, nyayo zake mbichi zikagusa majivu. Hakuifuta kauli yake. Hakuirudia pia. Sechelela alikuwa tayari amemwinua mtoto kwa shingo, kwa kuwa mtoto alikuwa analia njaa na maziwa yalikuwa kwake. Muhanga alikuwa bado anadai. Na Kongoni alikuwa amerudi juu ya kichuguu, anawatazama wote, anasubiri mtu amsaidie kumalizia hukumu aliyoianza.

Basi msaidieni, ninyi mliokaa hapo kimya. Yupo aliyechimba bila kumkusudia mtoto. Yupo aliyenyonyesha mtoto asiye wake. Yupo aliyezaa, akavuka majivu kumrudia. Na yupo aliyetoa kitu kilekile ambacho sasa anaambiwa hawezi kuwa baba bila hicho. Mtoto analia, na kati ya wote waliopo pale, mmoja tu hamsikii. Je, mtoto huyo alistahili kwenda na nani?