Kabla Jezi Haijakauka

Mpo? Kama mpo, itikieni. Haya. Mimi natoa hadithi, ninyi mtatoa hukumu, na atakayesinzia katikati asije akanyoosha mkono mwishoni.

Iringa mjini palikuwa na timu ya mpira wa kikapu ikiitwa Nguzo, na mimi Valeria ndiye niliyekuwa nafua jezi zake. Miaka ishirini na moja nimezifua. Watu wengine wanaikumbuka mechi kwa pointi, mimi naikumbuka kwa madoa.

Timu hiyo ilikuwa na vijana watatu, kila mmoja na kipawa chake. Kastory alipewa urefu. Akisimama chini ya goli, wapinzani walikuwa wanamtazama kwanza yeye, halafu wanatazamana wao kwa wao. Menrad alipewa miguu. Alikulia mlimani, na angeweza kukimbia mechi nzima halafu akauliza kesho mazoezi saa ngapi. Tasilo alipewa mdomo. Mpira wenyewe hakuujua sana, nisimpambe, na muda mwingi alikaa benchi akinishikia taulo. Lakini uongo ulikuwa haumtoki. Ukimpikia wali mbichi atakwambia mama, wali huu mbichi, na sahani anaimaliza.

Juu ya hao watatu alikuwepo Leodgar Msigwa. Nani alimwita Leodgar? Mji mzima ulimwita Saba, kwa sababu ya namba ya jezi yake. Alikuwa na duka la misumari na mabati, na hata mteja wa kutoka mbali alielekezwa hivyo: nenda kwa Saba. Miaka kumi na sita aliibeba Nguzo mabegani. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane na magoti yaliyovimba kila Jumatatu, akirusha mpira ulikuwa haufiki, na akirudi kulinda alikuta wenzake wameshafungwa.

Mtauliza, kwa nini hakupumzishwa? Hapo ndipo penye shughuli.

Nguzo ilikuwa na mila yake. Jezi namba saba hainyang'anywi na hairithiwi. Anayeivaa ndiye anayeitoa, kwa mkono wake, katikati ya uwanja, na anayepewa lazima aivae ikiwa bado na jasho la mechi ambayo Nguzo imeshinda. Na mtoaji awe uwanjani filimbi ya mwisho inapolia, si benchi. Jezi ikikauka kabla haijavaliwa na mwingine, inarudi nyumbani na mwenyewe hadi msimu ujao. Na mwenye saba ndiye anayeanza kila mechi, na mpira unapita kwake kwanza. Mwanzilishi wa timu, marehemu Mwalimu Luhwago, ndivyo alivyoiacha.

Sasa oneni mtego. Saba akicheza, tunafungwa. Tusiposhinda, hakuna jasho la ushindi. Jasho lisipokuwepo, hawezi kuitoa jezi. Asipoitoa, ndiye anayeanza mechi ijayo, na tunafungwa tena. Kocha wetu, Edigna Sanga, aliletwa kuijenga timu upya na vijana. Alikwenda kwenye kamati kuomba mila ilegezwe kidogo. Mwenyekiti Chengula akamjibu, "Kocha, wewe fundisha. Mila tuachie sisi."

Na kamati hiyohiyo, wenye mila, ndiyo iliyofanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka kwa hasira. Zamani jezi zetu zilikuwa za pamba nzito. Zikilowa Jumamosi, Jumapili baada ya misa bado mbichi, na mtoaji alipata muda wa kutoa hotuba, kulia, na kunywa soda. Mwaka huo kamati ikaleta jezi mpya za kitambaa chepesi cha kung'aa, wakapiga nazo picha. Niliwaambia, "Jezi hizi zinakauka ukizitazama tu." Wakafurahi. Walidhani nazisifia.

Basi timu ikawa hivyo, inafungwa na kuheshimu, inaheshimu na kufungwa. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema.

Aliyesema ni Tasilo. Nilikuwepo, nilikwenda dukani kwa Saba kununua waya wa kuanikia. Saba alikuwa anapima misumari, anasimulia jinsi mashabiki walivyompigia makofi juzi alipotoka uwanjani.

"Wamesimama wote," alisema. "Hawajanichoka bado."

Tasilo akamwangalia. Nilijua kitakachofuata na nikatamani kumziba mdomo kwa ule waya.

"Kaka Saba," alisema, "wanapiga makofi ukitoka. Ukiingia wananyamaza. Hujawahi kusikia?"

Saba akaacha kupima. "Unasemaje, dogo?"

"Wanafurahi umetoka, kaka. Na sisi mpira tunakupa kwa heshima tu. Mimi nakupenda, ndiyo maana nakwambia."

Misumari ilibaki kwenye mizani. Saba alinipa waya wangu bila kunitazama, akafunga duka, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimchukia Tasilo siku nzima, na usiku nikajiuliza mbona sikuyasema mimi, miaka yote hiyo. Kesho yake Saba akaja mazoezini akamwambia kocha, "Mechi na timu ya Mafinga itakuwa yangu ya mwisho. Nitafutieni ushindi, nitaitoa." Hayo ni ya Tasilo. Bila mdomo wake, Saba angekuwa anasubiri makofi hadi leo.

Mechi ya Mafinga ilikuwa ya mwisho wa msimu, mwezi wa saba, na ninyi mnaujua upepo wa Iringa mwezi wa saba. Kwa mara ya kwanza Saba mwenyewe aliomba asianze, na kamati ikakubali kwa kuwa ni yeye aliyesema. Vijana wakacheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Zilipobaki dakika nne tulikuwa mbele kwa pointi tisa, na kocha akamgeukia Saba.

"Leo, uko tayari?"

Kocha peke yake ndiye aliyemwita kwa kipande cha jina lake la Leodgar. Saba akavua koti, akaingia akichechemea. Nikasikiliza. Kweli, watu walinyamaza. Na nilimwona Saba naye anasikiliza.

Mafinga hawakuwa wajinga. Kila mpira wakaupeleka upande wake. Mtu aliyepaswa kumlinda anampita, anafunga. Tisa zikawa saba, saba zikawa nne. Hapo ndipo Menrad alipoanza kukimbia kwa ajili ya wawili. Alimlinda mtu wake, akitoka hapo anamlinda mtu wa Saba, huku na huku, hadi nikahisi kizunguzungu mimi niliyekaa. Dakika moja kabla ya mwisho aliruka kumzuia mtu wa Saba, akatua vibaya. Tuliusikia mguu ukialika. Kocha akainuka kumtoa, Menrad akapunga mkono. "Akiingia mgeni hapa tumekwisha! Niache, kocha!" Akamaliza mechi kwa mguu mmoja, anaruka kama mtoto anayeruka vyumba vilivyochorwa chini. Hayo ni ya Menrad. Bila miguu yake, kocha angelazimika kumtoa Saba kabla ya filimbi ili kuokoa mechi, na asingebaki na cha kutoa.

Zikabaki sekunde kumi na mbili, na Mafinga wameshatupita, tuko nyuma kwa pointi moja. Mpira ukaenda kwa Saba, kama mila inavyotaka. Alikuwa peke yake. Mafinga walishaacha kumlinda, na sijui kama kuna dharau kubwa kuliko hiyo. Akaruka, kama kuruka ndiko kule, akarusha. Wapo wanaosema alimpasia Kastory. Mimi nilikuwa karibu na mstari, na ndoo yangu ya maji miguuni. Alirusha afunge, mpira haukufika. Kastory akaudaka juu, palepale hewani, akauzamisha kwenye kikapu, na filimbi ikalia. Hayo ni ya Kastory. Bila urefu wake pasingekuwa na ushindi, na bila ushindi lile jasho lingekuwa jasho tu.

Basi tukashinda kwa pointi moja. Watu wakaingia uwanjani, wakatengeneza duara. Saba akasimama katikati akavua jezi. Nilimfulia jezi tangu ana kifua cha ujana, na sasa alikuwa na kitambi kidogo na anatetemeka kwa baridi, na nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitazama chini. Jezi ilikuwa imelowa chapachapa. Dakika nne tu za kucheza, lakini magoti yakiuma mtu hutoka jasho hata akisimama.

Mwenyekiti Chengula akasema, "Saba, mtaje unayempa."

Hapo kelele zikaanza. Upande huu, "Kastory! Ndiye mchezaji!" Upande ule, "Menrad! Ametoa mguu wake!" Tasilo hakuwa na mtu wa kumpigia kelele, alisimama na mataulo yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Saba akamwita Kastory. "Wewe utabaki?"

"Kaka, siwezi kukuficha. Kuna timu ya Dar imenipigia. Nikipata nafasi nitakwenda. Lakini nikiwa hapa, hakuna wa kuibeba timu kunizidi."

Akamgeukia Menrad, aliyekuwa ameshikiliwa na wenzake wawili, mguu umevimba umekuwa mkubwa kuliko kiatu.

"Utacheza tena?"

"Sijui, kaka," Menrad alisema, na machozi yakamtoka. "Nilijua wakati naruka kwamba nitaumia. Niliruka hivyohivyo."

Akamtazama Tasilo, na hakumuuliza kitu. Angemuuliza nini? Kijana hawezi kufunga hata akiachiwa uwanja mzima. Akipewa saba, kila mpira utapita kwanza kwenye mikono yake, na Nguzo itafungwa miaka nenda rudi. Lakini katika watu wote wa mji ule waliompenda Saba, ni yeye peke yake aliyemheshimu kiasi cha kumwambia.

Upepo ukavuma. Kocha akasogea akasema polepole, "Leo, inakauka."

"Naona," alisema Saba.

"Basi mpe mtu."

"Dada Vale," akaniita mimi. "Wewe unajua nguo. Imebaki muda gani?"

Nikasogea nikaishika. Pindo la chini limekauka. Mgongo umekauka. Makwapa na kola bado. "Dakika tatu," nikasema. "Upepo ukizidi, mbili." Ndoo yangu ilikuwa palepale na maji yake, na msidhani sikuiwaza. Lakini maji si jasho, na watu mia tatu walikuwa wananitazama mikono.

"Nikishaitoa," Saba akaniuliza, sauti ya chini, kama tuko wawili tu, "wataniitaje?"

Jina lake ninalijua, nililiandika kwa kalamu ya wino kwenye lebo ya jezi yake ya kwanza. Lakini ukimtoa kocha, nani mwingine alikuwa analitumia? Nilitaka kumwambia tutakuita Leodgar, na mdomo ukakataa, kwa sababu Tasilo alikuwa amesimama pembeni yangu na nisingeweza kusema uongo mbele yake.

Ndipo nilipouona mkono wa Saba. Mwanzo alikuwa ameikumbatia jezi kifuani. Sasa alikuwa ameinyanyua juu, ameitandaza kwa vidole viwili kila upande, upande wa ndani wa jezi umeelekea upepo. Watu walidhani anawaonyesha namba, wakashangilia. Mimi nimeanika nguo maisha yangu yote. Hivyo ndivyo ninavyoshika nguo ninayotaka ikauke haraka.

Kocha hakujua. Kamati haikujua. Wale vijana watatu walikuwa wanasubiri, mmoja kwa urefu wake, mmoja kwa mguu wake uliokwisha, mmoja akiwa amefumba mdomo. Na mimi nikabaki nimesimama na ndoo. Nikisema, namvunjia heshima mtu niliyemfulia miaka kumi na sita, mbele ya mji wake. Nikinyamaza, inakauka, na Menrad atakuwa ameumia bure.

Nikaigusa tena. Makwapa yamekauka. Imebaki kola.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi bado nimesimama palepale. Jezi hii ni ya nani: ya aliyeleta ushindi, ya aliyeutoa mguu, au ya aliyesema kweli? Na mwenye jezi mwenyewe, ambaye hataki kuitoa, tumfanye nini? Je, wewe ungeamua vipi? Sema, ndugu yangu, na usikae sana kufikiri, maana upepo haujatulia na kola yenyewe naiona inabadilika rangi.