Mwendo wa Kumi na Tisa

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, pale mkono wa koti la Tunu uliponaswa na mnyororo wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Kesho yake ilikuwa arobaini ya baba yake. Yashikeni mambo hayo mawili, maana kesi ninayowaletea imekaa katikati yake.

Baba yake, Mwalimu Shekiondo, mchana alikuwa mtu wa korona. Jioni alifundisha karate katika ghala bovu la katani, nje kidogo ya Korogwe. Alifundisha kata moja tu. Kata ni mfululizo wa miendo: mtu hupiga na kukinga peke yake, kana kwamba amezingirwa na maadui wasioonekana. Yake ilikuwa na miendo ishirini na sita, na yote ilieleweka isipokuwa wa kumi na tisa. Hapo mguu wa kushoto unarudi nyuma kimshazari, ngumi ya kulia inavutwa hadi kiunoni, na kiganja cha kushoto kinasukuma mbele na chini, kama kinachofagia vumbi.

"Hapa adui yuko wapi, Mwalimu?" wanafunzi waliuliza.

"Fanyeni," alijibu.

Siku mbili kabla ya kufa alimwambia Tunu, "Mkanda wangu uutoe siku ya arobaini. Mpe yule ambaye mwendo wa kumi na tisa ni wake. Huyo ndiye atakayefundisha."

Waliokuwa wakiungoja mkanda huo walikuwa watatu.

Hizza alikuwa na kumbukumbu. Miaka tisa mguu wake ulitua palepale, juu ya alama ya chaki aliyoichora mwenyewe. Watahini wa karate kutoka mjini walimwambia mwendo ule haumo katika kata yoyote wanayoijua, auondoe. Hakuuondoa. Wakamfelisha mara mbili. Wenzake wote waliufuta ili wafaulu, kisha wakawa wanamtania: "Vipi Hizza, vumbi bado halijaisha?" Mwanafunzi mpya alipokuja, Hizza alimfundisha mwendo huo akisema, "Maana yake siijui. Lakini sitakuruhusu upunguze hata kidole."

Mwajabu alikuwa na maswali. Ni fundi cherehani, na baada ya mazishi aliutazama mwendo ule kwa jicho la mshonaji, akasema, "Hapa hakuna ngumi. Hapa kuna mtu anamvua mwenzake koti." Akaenda kumwuliza Mzee Mhina, muuza kahawa mwenye mkono mmoja, aliyewahi kufanya kazi na Mwalimu.

"Niliponaswa, Shekiondo alinivuta moja kwa moja," Mhina alisema. "Kadiri alivyovuta, ndivyo nguo ilivyokaza. Baadaye nilikuwa namwona ghalani peke yake, anamvuta mtu asiyekuwepo. Anamvuta vizuri safari hii."

Mwajabu alilia njia nzima. Siku ya Jumanne alimweleza Kaoneka maana ya mwendo ule, kwa sababu Kaoneka na Tunu hulisha majani kwenye korona ileile. Kwa Hizza hakuyasema.

Kaoneka alikuwa na mikono isiyosita, na miezi mitatu tu ya mazoezi. Ndiye yule mwanafunzi mpya. Alhamisi ile Tunu alipopiga ukelele, "Mama yangu, nakufa!", swichi ilikuwa mbali. Wanaume wawili walimdaka kiunoni wakavuta. Nguo ikakaza. Vidole vya Tunu vilikuwa karibu kabisa na mnyororo.

"Mwachieni! Mtamkata mkono!" Kaoneka aliwasukuma. Akalibandua koti begani, vifungo vikaruka. Mkono wa kulia ukashika kiwiko cha Tunu kilichokuwa wazi sasa ukakivuta kiunoni, mguu wa kushoto ukarudi kimshazari, kiganja cha kushoto kikaisukuma nguo kuelekea kwenye mashine. Koti likageuka ndani nje, likaenda. Mkono wa Tunu ukabaki. Kidole kidogo cha Kaoneka kilikwenda na koti.

Jioni hiyo walikutana uani kwa Tunu.

"Sisemi kwa kujisifu," Hizza alisema, "lakini mngeufanya mwendo upi, kama ningewasikiliza watahini?"

"Ungeufanya mpaka uzeeke, kaka, na Tunu angekatika mbele yako," Mwajabu alimjibu. "Ulikuwa unafagia vumbi."

"Na wewe ulijua tangu Jumanne. Mbona hukuniambia?"

Mwajabu aliinamisha kichwa. "Nilitaka kuyasema kwenye arobaini, mbele ya watu."

"Kaoneka, na wewe?" Tunu aliuliza.

Kaoneka aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji. "Mimi nilifundishwa na huyu, nikaambiwa na huyu. Changu ni kidole tu, dada. Lakini nautaka huo mkanda. Nikisema siutaki nitakuwa mwongo."

Tunu aliwapima mmoja mmoja. Kila alipomtaja mmoja moyoni na kuwaacha wawili, aliuona mkono wake mwenyewe bado uko ndani ya mashine.

Kesho yake asubuhi, wageni wa kisomo wakiwa bado njiani, aliwaita wale watatu ghalani. Wakasimama mstari mmoja. Alitoa mkanda, akaona kwamba, kwa kuwa mkono wake wa kulia, ule ulionaswa, ulikuwa umefungwa shingoni kwa kitambaa, asingeweza kumfunga yeyote. Akautandaza sakafuni, juu ya alama ya chaki. Kisha akautoa mkono wa kulia kwenye kitambaa, akarudisha mguu wa kushoto kimshazari, kwa kiganja cha kushoto akalisukuma koti lisiloonekana, na mkono uliovimba akauvuta polepole, akiuma meno, hadi kiunoni. Ukafika, na vidole vyote vitano.

"Baba alisema ni wa mmoja," alisema. Halafu akaenda kuwafungulia wageni mlango wa ghala.

Ninyi ndio wageni. Mkanda uko sakafuni, watatu wamesimama, na Tunu anawatazama ninyi. Je, wewe ungeuinua ukamfunga nani?