Kijiko cha Bi Nyamvula

"Mtoto hali!"

"Anakula, mama."

"Hali!"

"Anakula!"

"Mbona mbavu zake nazihesabu nimefumba macho?"

Eee, ngojeni kwanza! Nimewaingiza kwenye ugomvi wa watu bila hata kupiga hodi. Turudi mlangoni, tuingie kwa adabu. Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyungu na mafiga yao, palikuwa na Mama Songoro. Mama Songoro alikuwa nungunungu. Aliishi shimoni chini ya kichuguu, yeye na mumewe na mtoto wao mmoja, Songoro. Songoro ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Miiba yake ilikuwa bado laini kama ndevu za hindi.

Na huyo aliyekuwa akigombana naye ni nani? Ni Bi Nyamvula, mama wa mumewe. Bi Nyamvula alikuwa na miiba mirefu kuliko nungunungu wote wa pale. Akikasirika, miiba husimama: chaka-chaka-chaka! Hata panzi hunyamaza.

Siku hiyo ilisimama yote.

"Mkaza mwanangu, nisikilize vizuri," akasema. "Siku mwezi utakapoandama nitakuja. Nikimkuta mjukuu wangu anakula, nami nitakula, nitashukuru, nitakwenda zangu. Nikimkuta hali, namfunga mgongoni, naondoka naye. Nitamlea mwenyewe."

"Mgongoni, mama? Na hiyo miiba?"

"Usinichekeshe, nimekasirika!"

Akaenda zake. Mama Songoro akakaa kitako. Mtoto wake mmoja! Na mwezi kuandama, zimebaki siku nne.

Siku ya kwanza akapika uji wa mtama. Akaukoroga tangu asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi. Akautia asali. Kisha akakitungua ukutani kijiko cha Songoro. Kilikuwa kijiko cha mti, kizuri, kina nakshi za maua mpinini. Bi Nyamvula alikileta mwenyewe siku mtoto alipoota meno, akasema, "Mjukuu wangu asilishwe kwa kingine ila hiki." Nani atabishana na mama mkwe? Na katika ukoo ule mtu mzima halambi kijiko cha mtoto. Eti atamlamba na bahati yake.

Mama Songoro akachota uji. "Songoro, sema aaa!"

Mdomo, ndi! Shingo, geu! Kidogo kilichoingia, puu!

Siku ya pili akaponda boga, akalitia tui la nazi. Songoro alipokiona kijiko, mbio! Mama mbele ya mafiga, mtoto nyuma ya mafiga. Mama nyuma, mtoto mbele. Wakazunguka mara saba. Mara ya nane akamdaka.

"Aaa!"

Mdomo, ndi! Shingo, geu! Boga, puu!

Siku ya tatu baba mtu akasema, "Niachieni mimi. Nyinyi wanawake hamjui kulisha." Akajifunga kanga kiunoni. Akacheza. Akatikisa miiba, chaka-chaka. Akakata mauno mpaka vumbi likatimka. Songoro akacheka, kinywa wazi. Baba akaona hapo hapo, akatumbukiza kijiko cha yai.

Mdomo, ndi! Shingo, geu! Yai, puu! Likamwingia baba jichoni.

Baba Songoro akalifuta jicho polepole. "Mtoto huyu," akasema, "amefuata kwenu."

Siku ya nne ikafika, siku ya mwezi kuandama. Siku hiyo hiyo ngedere wakavamia shamba la kunde. Mama Songoro akashinda shambani akiwafukuza. Jua lilipoinama akamwacha mumewe alinde, akarudi nyumbani na Songoro. Miguu inamuuma. Jiko halijawashwa. Uji wa kukoroga kutwa ataupatia wapi?

Uwanjani akamkuta jirani yake Kobe. Kobe alikuwa akivuka kwenda kwa shemeji yake.

"Unapika nini leo, Mama Songoro?"

"Hata sijui, jirani. Chochote kitakachowahi kuiva kabla mama mkwe hajafika."

"Basi fanya upesi," akasema Kobe. "Hata mimi nina haraka."

Mama Songoro akakoka moto. Akachukua viazi vitamu, akavikatakata vidogo vidogo ili viive upesi. Chungu kimoja, tumbukiza! Kunde za jana zilikuwa zimeshachemshwa, mimina! Akachuma mchicha nyuma ya nyumba, akaukatakata, chwa-chwa-chwa. Akatwanga karanga, twi, twi, twi. Chumvi kidogo. Pilipili akaiacha. Chungu kikaanza kuimba: toko-toko, toko-toko. Harufu ya karanga ikatoka shimoni, ikamfuata Kobe puani. Mama Songoro akaepua, akamimina chakula kwenye sinia kipoe. Viazi vya njano, mchicha wa kijani, mchuzi mzito wa karanga. Kobe alikuwa hajafika hata kwenye kinu, hapo hapo uwanjani.

Akageuka kukitungua kijiko. Alipogeuka tena, Songoro hayupo alipomwacha.

Yuko kwenye sinia! Mkono wa kulia umo. Wa kushoto umo. Pua nayo imo. Nyam, nyam, nyam!

"Anakula!" Mama Songoro akapiga kelele. "Jamani, mwanangu anakula!"

"Nani?" akauliza Kobe kutoka uwanjani. Lakini alipomaliza kuuliza, mwenziwe alikuwa hasikii tena kwa furaha.

Mama Songoro akaona amsaidie. Akachota kwa kijiko, chakula kile kile, sinia lile lile.

Mdomo, ndi! Shingo, geu! Puu!

Songoro akarudi kwenye sinia. Nyam! Akapewa kwa kijiko. Puu! Sinia, nyam. Kijiko, puu.

Mama Songoro akakitazama kijiko. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Bahati gani iliyobaki hapa ya kulambwa?" akasema. Akakilamba.

Tobaaa! Uchungu ulimshika ulimini, ukashuka mpaka kisiginoni. Miiba yote ikasimama. Kijiko kilikuwa kimechongwa kwa mti wa mwarobaini!

Kabla hajapata hata maji ya kusukutua, akasikia nje: chaka-chaka-chaka. Bi Nyamvula huyo!

Sasa afanyeje? Akimwambia, atakosa adabu. Asipomwambia, atakosa mtoto.

Bi Nyamvula akaingia, hata salamu hakuingoja. "Haya, mashavu yako wapi?"

"Yako njiani, mama. Karibu."

"Lete kijiko. Nikuonyeshe mtoto anavyolishwa."

Akachota. Akamwita mjukuu kwa sauti tamu. Mdomo, ndi! Shingo, geu! Puu, kifuani kwa bibi!

"Umeona? Kiburi!" akafoka. "Mfungie nguo zake!"

"Ni kweli, mama," akasema Mama Songoro, sauti imempoa kama maji ya mtungi. "Lakini watoto huiga. Wewe ule kwanza, akuone."

"Kula ndiyo nini? Tazama!" Kwa hasira Bi Nyamvula akasahau kuwa kijiko cha mtoto hakilambwi. Akakijaza. Akakitia chote kinywani.

Mdomo, ndi! Shingo, geu! Puuuu! Chakula kikatoka mlangoni, kikaruka uwanja, kikatua juu ya gamba la Kobe.

"Ahsanteni," akasema Kobe, "ila sina nafasi ya kukaa."

Songoro akacheka mpaka akaanguka chali. Alipoinuka, akachota kiazi kwa vidole vyake, akamnyooshea bibi yake.

"Aaa!" akasema.

Bi Nyamvula akafungua mdomo. Akatafuna. Akatafuna tena. Miiba ikalala, mmoja mmoja. Akanawa mikono, akavuta kigoda, akala sinia moja na mjukuu wake. Wakala mpaka kikabaki kipande kimoja cha kiazi. Wakatazamana. Wakakirukia wote wawili. Bibi akawahi.

Songoro akalia. Akalilia chakula! Mama Songoro hajapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Basi, wakubwa na wadogo, mafunzo ni haya. Mtoto akitema, usikimbilie kusema ana kiburi. Onja kwanza unachomlishia. Na chakula cha kumnawirisha mtoto si lazima kikeshe jikoni. Chungu kimoja chatosha, naye aruhusiwe kutia mkono.

Hadithi yangu imetua mzigo hapo. Mbona mnainuka? Kaeni, Bi Nyamvula hajaondoka bado. Yuko mlangoni, mjukuu amemwacha kwa mama yake, kijiko amekificha kwapani. Anasema bila kugeuka:

"Kijiko hiki nami nilipewa na mama mkwe wangu. Na mumeo alikonda vivi hivi, mpaka alipojifunza kudokoa chunguni."