Maji ya Mfereji wa Nyati

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakiazimana majembe, Nyati na Nguchiro walipakana mashamba. Msidhani walikuwa majirani wa kupelekeana mboga. Nyati alitia mbolea ya gunia na kupuliza dawa ya wadudu. Nguchiro, mjane mfupi mwenye maneno mengi, alitia samadi na kuchanganya mahindi na kunde.

Mwaka huo Chifu Tembo akatangaza: "Nitakagua. Shamba linalotunza bonde letu litabaki. Lingine nalitwaa."

Nyati alicheka. Mahindi yake yalimzidi kimo. Ya Nguchiro yalimfika magotini. "Anza kufunga virago, Bi Nguchiro."

Nguchiro aliogopa, nawaambieni kweli. Shamba lile ndilo lililolisha wanawe. Lakini hofu haikumfunga akili.

"Umenishinda, Bwana Nyati," alisema kinyonge. "Basi niruhusu nikutekee maji ya kumkaribisha Chifu."

"Ahaa, leo una adabu. Teka."

Tembo alifika, akazunguka mashamba yote mawili, akayasifu sana mahindi ya Nyati. Nguchiro akaleta kibuyu cha maji. Mila ya bonde lile ilikuwa hivi: mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni anywe.

Nyati akainua kibuyu, kisha akasita. "Umeteka wapi?"

"Kwenye mfereji wako, Bwana, pale unapotokea mahindini."

Kibuyu kikatuliwa chini, pu! "Jino linaniuma," akasema Nyati.

"Onja, mwenyeji," akasema Tembo. "Nina kiu."

"Chifu, usinywe. Juzi nimepuliza dawa. Maji hayo yanaua."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Mfereji wako unamwaga wapi?"

Nyati akatazama kwato zake. "Bwawani."

"Bwawa wanakokunywa maji wajukuu zangu?"

Nguchiro akachukua kibuyu, gluu, gluu, gluu, akafuta mdomo. "Haya ni ya mfereji wangu. Nimedanganya kidogo, Chifu, nisamehe."

Tembo alicheka mpaka akatokwa na machozi. Shamba la Nyati likatwaliwa, akarudishiwa pale tu alipokubali kulima kwa samadi. Na kwa tumbo lile, samadi haimpungukii. Bwawani vyura wamerudi, kelele tupu, na Nguchiro analala vizuri.

Nanyi mkisifiwa shamba kwa urefu wa mahindi, mwulizeni mwenyewe kama atakunywa maji yanayotoka humo.