Matamvua ya Zulia la Bi Zuwena

Mwanamke mmoja alikuwa na zulia kuukuu la Kimoroko, na alilipenda kupita kiasi. Jina lake Bi Zuwena, mjane mwenye binti mmoja, Sabiha. Alipokwenda kulichagua hakukimbilia rangi kama wafanyavyo wengi. Aliligeuza akatazama mgongo wake, akaona mafundo yamefungwa kwa mkono, makubwa kwa madogo. Akalipangusa kwa kitambaa cheupe chenye maji, rangi haikutoka. Mahali pamoja nyekundu iligeuka ghafla kuwa rangi ya kutu, kwa kuwa mfumaji, mwanamke fulani wa milimani huko Moroko, aliishiwa sufu akaendelea na ile aliyokuwa nayo. Bi Zuwena akasema moyoni: huyu ni mtu kama mimi. Akalichukua.

Na kulitunza alijua, tusimnyime haki yake. Hakulifua kwa sabuni ya unga wala maji ya moto. Alilitoa nje likapunga upepo, akalipiga vumbi kwa upande wa nyuma, akaligeuza mara kwa mara ili jua la dirishani lisile upande mmoja. Kahawa ikimwagika aliikandamiza kwa kitambaa kikavu, hakusugua. Jamani, mtu mwenye akili zote hizo, nani angedhani atapotea?

Aliishi na wifi yake, Bi Mwanasha, dada mkubwa wa marehemu mumewe. Mzee huyu alitafuna tumbaku, akicheka nyumba nzima inasikia, na kanga zake zilikuwa zimepauka. Kila alasiri aliketi pembezoni mwa zulia, akayachambua matamvua yake kwa vidole, na fundo lililolegea akalikaza. Hakuna aliyemtuma. Bi Zuwena alikereka kumwona, maana matamvua yenyewe yalikuwa machafu, marefu kwa mafupi, na machoni pake mzee na matamvua vilikuwa kitu kimoja.

Ikaja habari kwamba watu wa heshima wanakuja kumposa Sabiha. Binti alimpenda kijana huyo kwa moyo wake wote, na mama alijua. Asubuhi ya siku yenyewe Bi Zuwena alishika mkasi, akayakata matamvua yote, zulia likakaa nadhifu kama lililotoka dukani jana. Kisha akamwendea wifi yake, akamwomba kwa maneno matamu akae jikoni mpaka wageni waondoke. Bi Mwanasha akaitika, akaenda.

Matamvua si pambo, enyi wenye nyumba. Ni ncha za nyuzi zilezile zipitazo katikati ya zulia tangu mwanzo hadi mwisho, na juu ya nyuzi hizo ndipo kila fundo limekaa. Bi Zuwena hakulijua hilo.

Wageni wakaja, wakala halua, wakanywa kahawa, wakalisifu zulia. Kisha mkubwa wao akaweka kikombe chini. "Baba wa binti hayupo, Mungu amrehemu," alisema. "Basi neno letu tutampa dada yake. Shangazi yuko wapi?" Kwa watu wale posa haipokewi na mama peke yake, hupokewa na upande wa baba. Bi Zuwena angeweza kuinuka tu akafungua mlango wa jikoni. Akazikumbuka zile kanga, akaikumbuka tumbaku, haya zikamshika. Akasema, "Amesafiri."

"Hapana haraka," akajibu mgeni. "Akirudi, nasi tutarudi." Wakamaliza kahawa yao, wakaaga kwa adabu.

Jikoni neno lilisikika. Kesho yake Bi Mwanasha alitoka na furushi lake, amevaa buibui. Hasira hakuwa nayo; alikuwa na huzuni tu. "Wifi yangu," alisema, "umewaambia watu nimesafiri. Sitaki waje wakuone mwongo." Akambusu Sabiha, akashika njia kwenda kwa ndugu zake wa mbali. Bi Zuwena alisimama mlangoni, aibu imemshika, na lile neno moja, rudi, hakumwambia.

Zulia bado lipo. Kila likipigwa vumbi, mafundo ya pembeni yanachomoka. Fundi ameukunja ukingo akaushona, lakini sufu haikomi kuanguka, na Sabiha ndiye aifagiaye. Na watu wa posa, waungwana kama walivyo, bado wanangoja shangazi arudi safarini.

Tunapenda sana kusema, mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, niambieni: siku mgeni anapobisha hodi kwenu, ni nani mnayemwambia akae jikoni?