Kiganja cha Shaame Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mlionyimwa chakula? Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, hapo sawa. Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji ambacho kila mtu alikuwa na bustani, na kila bustani ilikuwa na kibanda cha kuwekea majembe na mbegu. Watu wa huko walikuwa na desturi yao. Mtu akimaliza kukandika kibanda, alibandika kiganja chake kwenye udongo mbichi, pembeni mwa mlango. Pwa! Alama hiyo ndiyo iliyosema bustani ni ya nani. Ukuta ukianguka, alama imekufa, na bustani ni ya atakayebandika kiganja kipya.

Kijijini humo aliishi mjane, Mwanakombo. Mumewe, Shaame, alifariki wakati wa mavuno, akamwachia bustani ya bamia na mchicha pamoja na kibanda chake. Tangu siku ile Mwanakombo hakukigusa kibanda. Alilima, alipalilia, alichuma, lakini mlango ule hakuufungua. Jembe alililaza nyumbani, chini ya kitanda. Kila akikiona kiganja cha Shaame ukutani, machozi yalimlenga, akageuka.

Kibanda nacho kikachoka. Makuti yakaoza. Udongo ukamomonyoka, fito zikatokeza kama mbavu za punda. Upepo ukipita, kinalalamika: kwiii, kwaa! Kwiii, kwaa! Na masika yalikuwa yanakaribia.

Akaja jirani yake, Mbaruku. Ah, Mbaruku na maneno yake matamu! Hata ukimkuta anakula kuku wako, utamletea maji ya kunawa.

"Shemeji," akasema, "kibanda hiki kimekwisha. Kibomoe. Nitakujengea kipya kwa mikono yangu, wala sitaki kitu."

Mwanakombo akashukuru, akahisi ametuliwa mzigo. Asubuhi yake akachukua shoka, akasimama mbele ya kibanda, akalinyanyua.

"We Mwanakombo! Shusha hilo shoka!"

Alikuwa Bi Nunu, mkongwe wa kijiji. Mgongo umepinda, macho yameingia ukungu, lakini ujanani mwake alikandika nusu ya nyumba za pale.

"Nabomoa, bibi. Kimeoza."

"Nani kasema?"

"Mbaruku. Atanijengea kipya kwa mikono yake."

"Kwa mikono yake," Bi Nunu akarudia polepole. "Na kiganja ukutani kitakuwa cha nani, mjukuu wangu?"

Shoka likamponyoka. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amejaa majonzi, hakubaki na nafasi ya kufikiri. Akaketi chini, akalia.

Bi Nunu hakumkemea. Aliketi kando yake, akamwacha alie mpaka atosheke, akamfuta uso kwa pembe ya kanga.

"Haya. Sasa tukisikilize kibanda."

Akainua mkongojo, akagonga nguzo. Ko! "Hii nzima." Akagonga nyingine. Ko! "Nzima." Nyingine tena. Ko! Akafika ya pembeni. Bu!

"Hii ndiyo mgonjwa," akasema. "Nguzo moja, na wewe ulitaka kuzika kibanda kizima!"

"Lakini sina cha kukitengenezea, bibi."

"Kwani nimekuuliza una nini? Nenda nyumba kwa nyumba. Usiombe kitu kizuri. Omba wanachotaka kukitupa."

Mwanakombo aliona haya, lakini alikwenda. Hodi! Akapewa makuti yaliyobaki kwenye paa la jiko. Hodi! Akapewa vipande vya kamba. Hodi! Akapewa shina la mpera uliokauka, likatosha nguzo. Na wanawake wote wakampa vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana hakuna nyumba isiyokuwa navyo uani.

"Hiki alikivunja mkwe wangu," mmoja akasema. "Kichukue, nisikione tena!"

Wakaanza kazi. Wakaing'oa ile nguzo mbovu, wakasimika ya mpera, wakaezeka makuti. Mwanakombo akakanyaga udongo: chwa, chwa, chwa. Bi Nunu akakandika kwa kupapasa, na vidole vyake havikukosea. Walipofika pembeni mwa mlango, Mwanakombo akakifunika kiganja cha Shaame kwa mkono wake.

"Hapa sipaki, bibi. Siwezi."

"Nani kakwambia upake? Zungushia."

Wakakandika kukizunguka, wakapachika vile vigae, vyekundu na vyeusi, kikakaa kati kama kito kwenye pete. Juu yake Bi Nunu akashusha upenu wa makuti, mvua isikifikie.

"Sasa na wewe bandika chako."

"Mimi? Bustani ni ya Shaame."

"Shaame hali bamia, mwanangu. Wewe ndiye unayekula."

Mwanakombo akacheka. Tangu msiba, ndiyo mara ya kwanza. Akacheka huku analia, akabandika mkono. Pwa! Kidole gumba chake kikagusana na cha mumewe.

Mawingu yalipotanda, wazee wakaja kukagua vibanda, kama walivyofanya kila masika. Nyuma yao Mbaruku, nguzo mpya begani.

"Viganja hivi ni vya nani?" wazee wakauliza.

"Hiki cha mume wangu," Mwanakombo akajibu. "Na hiki changu."

"Viraka vitupu hivyo!" Mbaruku akasema, akakisukuma kibanda kwa bega. Kibanda kimya. Si kwiii, si kwaa.

"Mbaruku, baba," Bi Nunu akasema kwa upole, "ulimwahidi kazi ya mikono yako, na hutaki kitu. Kwa kuwa umekuja na nguzo, mjengee kichanja cha mbegu humo ndani."

Wazee wakaangua kicheko. Mbaruku afanyeje? Alijenga. Na kichanja kilikuwa kizuri, tusimnyime haki yake.

Mvua iliponyesha, Mwanakombo aliingia kibandani, akatundika jembe kwenye kijiti kilekile alichokichomeka Shaame. Akaketi, akasikiliza matone juu ya makuti. Hakuna hata moja lililopenya.

Bi Nunu alikufa akiwa mzee sana, na wanakijiji wote walimlilia. Mpaka leo, kule, mtu hashiki shoka kubomoa kabla hajagonga nguzo na kusikiliza. Nanyi wanangu, jambo likiwachosha msilitupe lote kwa sababu ya pale palipooza. Tafuteni kilicho kizima, muanzie hapo.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya upenu wa Bi Nunu. Anayetaka kukaa na akae, hapavuji.