Barua ya Tope

"Taja tope, mvua wataiona wenyewe." Ndivyo mwalimu wenu alivyoandika kwa wino mwekundu chini ya insha zenu, na nyie mmekuja mbio kwangu kuuliza ana maana gani na nani aliyesema maneno hayo kwanza. Haya, kaeni. Wewe uliyekalia gunia, shuka, hayo mahindi ni ya mbegu. Methali hii mimi sikuisoma kitabuni. Nilikuwapo ilipozaliwa, na ukweli ni kwamba ilizaliwa kwa kosa langu mimi babu yenu.

Enzi hizo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, karani wa kambi katika shamba moja la mkonge huku kwetu Tanga. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, Songea, Njombe, Kigoma, wakaja kwa mkataba wa miaka miwili, na kabla mkataba haujaisha hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwao. Watu waliwaita manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wachache sana walijua kusoma. Basi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walipanga foleni mbele ya mlango wangu niwaandikie barua za nyumbani. Sikuwatoza kitu. Malipo yangu yalikuwa sifa, na sifa, wajukuu zangu, nilizipenda kuliko wali wa nazi.

Mngeuona mwandiko wangu wa wakati ule! Herufi zimelala upande mmoja, zimenyooka, kama wanafunzi kwenye gwaride. Na Kiswahili changu, loo! Nilikuwa na barua moja niliyoitunga nikiwa shuleni, nikaipiga msasa miaka mitatu. Ilianza hivi: "Kwako mpenzi wangu wa moyo, salamu nyingi zisizo na idadi, kama nyota za mbinguni na mchanga wa pwani. Ama baada ya salamu, mimi huku niliko ni mzima wa afya njema, bukheri kabisa, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa mboni za macho yangu." Ikaendelea hivyo ukurasa mzima mpaka mwisho. Mnacheka? Watu wazima walikuwa wakiisikia wanafuta machozi.

Kosa langu lilikuwa hili: barua hiyohiyo niliwaandikia wote. Akija mtu wa Songea, nampa hiyo. Akija Muha, hiyo. Nilibadilisha jina la mpokeaji na jina la mwandikaji, basi. Mtu akitaka kuniambia habari zake, kwamba amevimba jino, kwamba amepata rafiki anayepiga gambusi, nilimkatiza. "Wee, barua ni kitu cha heshima. Mambo ya jino yanaandikwa?" Naye ananyamaza, maana karani ndiye mwenye kalamu.

Nikifumba macho mpaka leo naisikia harufu ya mkonge uliosagwa, ile chachu iliyokuwa inaingia hadi kwenye chai. Tuliilaani kila siku. Sasa shamba lile limekuwa pori, nyumba za kambi zimebaki misingi tu, na mimi nikipita pale kwenda kliniki huwa nasimama kidogo nikinusa, sipati kitu. Ningetoa hata fimbo yangu hii niisikie tena alasiri moja tu. Lakini tuendelee, maana nyie hamkuja kunitazama nikilia.

Kati ya watu wangu wa Jumapili kulikuwa na Mngoni mmoja aitwaye Otmar Komba. Mtu mrefu, mpole, mwenye mguu mkubwa kiasi kwamba viatu vya kununua dukani havikumtosha vizuri. Mkewe, Kandida, alibaki Songea kwa wazazi wa Otmar. Nilikuwa nimemwandikia barua tatu, zote mnajua zilivyoanza.

Otmar alikuja na mwenzake wa kijiji kimoja, Haule. Siku moja Haule akaugua homa, hakumaliza wiki, akafariki. Tulimzika palepale shambani. Ofisi ikapeleka habari kwao kwa simu ya maandishi. Sasa, siku chache kabla ya kuugua, Haule alikuwa ameniomba barua, na barua hiyo ilikuwa bado njiani. Ikafika kijijini siku nane baada ya habari ya kifo. Siku hiyohiyo ikafika na ya Otmar.

Kule kwao barua zilisomwa na katekista, nje ya kanisa baada ya misa, watu wote wakisikiliza. Akasoma ya Haule: "Mimi huku niliko ni mzima wa afya njema, bukheri kabisa." Mjane wa Haule akaanguka. Kisha akafungua ya Otmar. "Mimi huku niliko ni mzima wa afya njema, bukheri kabisa." Neno kwa neno. Kituo kwa kituo.

Mngekuwa nyie mngefikiri nini? Watu walifikiri vivyo hivyo. Wakasema huko kwenye mkonge kuna karani anawaandikia maiti ili jamaa zao wasidai miili. Wakasema Otmar amekufa siku nyingi.

Sisi huku hatukujua lolote. Tulikuja kujua mwezi wa nne, masika yamekolea, lilipofika kundi jipya la manamba kutoka Songea. Mmoja wao alimletea Otmar ujumbe wa mdomo. Jumapili hiyo nikiwa mlangoni kwangu nachonga penseli, nikamwona Otmar anakuja. Hakupanga foleni. Aliwapita wenzake wote akaja kusimama mbele yangu, tope mpaka magotini.

"Karani," akasema, "umeniua."

"Nimekuua vipi na wewe umesimama?"

Akanieleza yote. Wazee wa kwao walikuwa wameamua. Ikifika Pentekoste bila ushahidi kwamba yu hai, watamaliza msiba wake. Baba yake atamnyoa Kandida nywele kama mjane, kisha Kandida atapewa mdogo wake Otmar awe mume wake. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kandida alikuwa anakataa, anasema mume wangu hajafa, lakini wakimuuliza amejuaje, hana la kuwaonyesha.

Nikachukua karatasi haraka. "Usiwe na wasiwasi. Nitaandika kali kuliko zote." Nikaanza: "Salamu nyingi zisizo na idadi..."

"Acha!" Sikuwahi kumsikia Otmar akipaza sauti, ila siku ile tu. "Hiyo ni yangu au ya Haule?"

Kalamu ikanigandia mkononi. Nikajaribu kujitetea, na mimi kwa ubishi! Nikamwambia, "Basi nitaandika kwamba wewe ni hai. Hai wa kweli kabisa, si wa kubahatisha."

"Hata Haule ungemwandikia hivyo."

Nilikasirika, wallahi. Nikatupa kalamu mezani. "Haya, wewe mwenye elimu, sema mwenyewe niandike nini!"

Otmar akakaa kwenye gogo lililokuwa mlangoni, akaokota kijiti, akaanza kukwangua tope miguuni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Andika kwamba nakwangua tope."

"Tope haliandikwi, Otmar. Mkeo atakuonaje?"

"Ndiyo nataka anione," akasema.

Nikaandika. Aibu ilinijaa, lakini niliandika, na maneno yale ninayo moyoni mpaka leo:

"Kandida. Nimekaa kwenye gogo nje kwa karani. Nakwangua tope miguuni kwa kijiti. Tope la huku ni jekundu na lina mdomo. Jumanne lilimeza kiatu changu cha kushoto. Nilikitafuta kwa mikono kama mtu anayechimba viazi, sikukipata. Sasa nina kiatu kimoja na wenzangu wameniita Kimoja. Pale tunapolala tumepanga sufuria sakafuni, na sisi tunajikunja katikati ya sufuria. Blanketi langu likikauka upande huu, upande wa pili umeshalowa. Kidole changu cha mwisho, kile ulichonikata kwa mundu tukivuna maharage, kimeanza kuuma tena kama ilivyo kawaida yake."

Nikamwuliza, "Niongeze kwamba mvua ni kubwa sana mwaka huu?"

Otmar akanitazama kwa mshangao. "Kwani Kandida ni mtoto?"

Barua ikaenda hivyo, fupi, bila salamu hata moja. Mimi nilijua tumeharibu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya nne. Pentekoste ikaja ikapita. Kila nikiita majina asubuhi, Otmar aliitika kwa sauti ndogo zaidi kuliko jana yake. Wenzake waliacha kumtania kuhusu kiatu. Mimi nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa nafikiria mwanamke nisiyemjua, ananyolewa nywele kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri.

Barua ya Songea ilikuja Ijumaa moja mwanzoni mwa mwezi wa sita. Nilimfuata Otmar shambani mwenyewe, mistari mingapi ya mkonge sikumbuki, miiba inanichoma nguo. Alipoiona bahasha aliuweka mundu chini. Akaniambia, "Soma." Nikaisoma palepale tumesimama. Kandida alikuwa amemwambia katekista, naye katekista, Mungu amrehemu, alikuwa ameandika kama alivyoambiwa:

"Otmar. Barua yako imesomwa nyumbani, siku tatu kabla ya Pentekoste. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kigoda na wembe ulikuwa umefungwa katika kitambaa mapajani mwake. Katekista aliposoma habari ya sufuria, baba yako akainua uso akatazama paa la nyumba yetu. Aliposoma habari ya kidole, nikasema, mvua ya huko itamtia kifua mume wangu. Baba yako akaniuliza, mvua ipi, mama? Barua haikutaja mvua. Katekista akasoma tena tangu juu. Kweli haimo. Baba yako akasema, sasa wewe umeitoa wapi? Nikamwambia, na wewe, baba, ulikuwa unatafuta nini kwenye paa?"

Otmar alicheka. Kicheko kilimtoka kama chafya. Nikaendelea:

"Watu walicheka sana, na yeye akacheka. Akasema, tangu utoto huyu anapoteza viatu, huyu ni mwanangu. Wembe sasa anakatia kucha. Mbuzi mweupe amezaa. Nywele zangu ziko kichwani. Jana nilizisuka."

Hapo, wajukuu zangu, nilishindwa kusoma. Mimi, ambaye nilikuwa nimeandika "mpenzi wa moyo" zaidi ya mara mia nne bila kujisikia chochote! Mwanamke yule hakuandika popote kwamba aliogopa. Hakuandika kwamba alilia, wala kwamba anampenda mumewe. Lakini nilimwona. Nilimwona miezi ile yote anaamka asubuhi, anapeleka mkono kichwani kugusa kama nywele bado zipo. Nilimwona jana yake amekaa, amewekewa kichana, wanawake wenzake wanamsuka taratibu. Nani aliyeniambia habari ya kichana? Hakuna. Nilikitia mwenyewe.

Otmar akanigusa bega. "Imeisha?"

"Bado mstari mmoja," nikamwambia. "Ni wangu mimi." Nikausoma: "Na mwambie karani wako kwamba salamu zake tumezipokea, zinatutosha mpaka Kiyama. Siku nyingine asijichoshe. Ataje tope, mvua tutaiona wenyewe."

Basi nikawekwa sawa na mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu. Jumapili iliyofuata Otmar aliwahadithia wote, na foleni nzima ikapata silaha. Nikiinama tu kuandika, kabla sijafika kwenye nyota za mbinguni, mmoja anapiga kelele, "Karani, taja tope!" na wenzake wanamalizia, "Mvua wataiona wenyewe!" Kumbe kila mtu alikuwa na la kwake. Yule wa jino, nilimwandikia jino. Barua zikawa ngumu kuandika, zinanichukua alasiri nzima, na nilizipenda. Mikataba ilipokwisha wakarudi makwao na maneno yale, wakaenda nayo Songea, Njombe, Kigoma, na huko sasa wanadhani ni ya wahenga. Wahenga gani? Ni ya Kandida.

Siku ile shambani, baada ya mstari ule wa mwisho, niliikunja barua nikampa. Hakuipokea. Alikuwa amesimama na kiatu chake kimoja, macho yamemjaa machozi.

"Karani," akasema, "rudia pale pa nywele."

Nikarudia: nywele zangu ziko kichwani, jana nilizisuka. Akafumba macho. Akaniomba tena, nikarudia tena, na kila mara aliuona uso wa mkewe, nami sikumwongezea hata neno moja la kwangu. Ndipo nilipoelewa, katikati ya mkonge, kalamu yangu ikiwa mfukoni: taja tope, mvua wataiona wenyewe.